Mama amewekewa utepe wa kuzuia mkojo, sasa tumbo la chini linavimba. Tusubiri kliniki?

Mwana wa Tukuyu: Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 58, na kwa muda mrefu mkojo umekuwa ukimtoka kila akikohoa au akijitwisha ndoo. Juzi alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa utepe chini ya njia ya mkojo, na jana akaruhusiwa bila kuulizwa kama amekojoa vizuri. Tangu alfajiri analalamika maumivu juu ya kinena, mahali ambapo nikigusa pamekuwa pagumu kama kiazi, na mkojo unatoka matone tu. Pedi ina doa lisilozidi sarafu, kwa hiyo shangazi anasema hakuna damu inayotoka, anywe uji apumzike. Lakini kwa baridi hii ya kwetu, kipaji cha uso kinamtoka jasho. Kliniki ni Jumatatu; tusubiri?

Muuguzi Mstaafu, Iringa: Marahaba mwanangu. Tafuta gari kwanza, kusoma utasoma njiani. Utepe huo mara nyingi hupitishwa kwa sindano ndefu nyuma ya mfupa wa kinena, penye mishipa mingi ya damu ambayo daktari haioni sindano inapopita. Mshipa ukitoboka, damu huvilia kati ya mfupa na kibofu, na ndiyo maana pedi inaweza kubaki karibu safi ilhali mgonjwa anaishiwa damu. Uji asipewe, kwa kuwa huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, uniambie.

Mwana wa Tukuyu: Ni 118. Jirani ametoa gari. Nimekumbuka pia kwamba anameza aspirini ndogo kila siku, na ya leo ameshaimeza. Twende Mbeya moja kwa moja?

Muuguzi Mstaafu, Iringa: Hapana, anzieni hospitali ya wilaya hapo hapo Tukuyu, awekewe dripu na mpira wa mkojo, kisha kama ni rufaa asafiri kwa gari la wagonjwa akiwa na muuguzi, maana milima ile si ya kupanda na mtu anayevuja ndani. Aspirini itajeni mlangoni, kwani athari yake kwenye damu hudumu siku 7 hadi 10 hata akiiacha leo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asipewe.

Baba Watatu, Makambako: Naongeza jambo lililotuponza sisi. Kipimo cha kwanza cha wingi wa damu cha mke wangu kilikuwa kizuri, tukatulia, kumbe mtu akivuja ghafla kipimo huchelewa kushuka. Ombeni kirudiwe baada ya saa chache, pamoja na ultrasaundi. Yeye aliongezewa chupa mbili, uvimbe ukaacha kukua, na bonge likanyonywa na mwili lenyewe bila kufunguliwa. Nendeni na ndugu wawili wa kuchangia damu.

Mwana wa Tukuyu: Tumefika. Mpira umetoa mkojo mwingi, lakini uvimbe umebaki palepale. Wanapima kundi la damu. Shangazi ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kuchangia.