Mtegua mabomu alipewaje Victoria Cross?

Mpenda_Historia:
Wakuu habari za leo. Nimekutana na habari za luteni mmoja Mhindi, Premindra Singh Bhagat, alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1941 kwa kutegua mabomu ya ardhini kule Ethiopia, vita ya kuwatoa Waitaliano. Mi nilijua hiyo nishani ni ya walioteka bunduki za adui au kuvamia mahandaki, sasa huyu wa mabomu imekuwaje? Na mbona wategua mabomu wengine wa Uingereza wanapewa George Cross?

Kamanda_Mstaafu:
Mkuu tofauti ni adui. Victoria Cross ipo tangu 1856, ni ya ushujaa mbele ya adui. George Cross ilianzishwa Septemba 1940 London ikipigwa mabomu na ndege za Wajerumani, kuna watu walikuwa wanategua yale ambayo hayajalipuka mitaani, roho ngumu ni ile ile ila adui hayupo pale. Na ngazi ni moja, usije ukaona George Cross ni ndogo.

Binti_Sajenti:
Soma maelezo ya nishani yenyewe utaelewa. Metemma, mji wa Ethiopia mpakani na Sudan, ulipotekwa, usiku wa kuamkia Februari 1, Waitaliano wanarudi nyuma kuelekea mji wa Gondar na huku wanaacha barabara imetegwa. Bhagat anakaa kwenye gari la deraya la mbele kabisa, siku 4, maili 55, maeneo 15 yenye mabomu, kuanzia alfajiri hadi jua linazama kwa sababu msafara mzima unamsubiri yeye. Gari lake likalipuliwa mara mbili watu wakaumia, mara ya tatu wakaviziwa wakapigwa risasi kwa karibu, yeye anaendelea tu na kazi. Ngoma ya sikio ikapasuka, wakataka kumpumzisha, akakataa, akasema sasa ndo ameijua kazi kuliko yeyote watakayemleta. Kuvamia handaki mori unakubeba dakika chache, lakini huyu ameshalipuliwa jana na leo asubuhi anapanda tena gari la mbele akiwa na akili timamu kabisa, kwangu mimi huo ushujaa ni mzito zaidi.

Mwana_Nyeri:
Umenena dada. Na tusisahau KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki) walikuwa vita hiyo hiyo, walikuwepo mpaka Gondar inaanguka Novemba 1941. Sajenti Nigel Leakey wa KAR, mlowezi wa Kenya, alipata Victoria Cross kwa kupambana na vifaru huko Colito, Ethiopia, Mei mwaka huo, alifia palepale. Askari wetu weusi wapo waliopata Military Medal, nishani ya ushujaa ya ngazi ya chini, lakini nani anawataja? Inaniuma sana hii.

Mpenda_Historia:
Asanteni sana, hasa Binti_Sajenti, hilo la sikio sikulijua. Nimeona pia Bhagat alifika hadi luteni jenerali jeshi la India, akafariki 1975. Mwana_Nyeri tufungulie uzi wa hao wa KAR basi, na kama kuna mwenye babu aliyekuwa kikosi cha wahandisi wa jeshi atupie alichosimuliwa.