Lenzi ya zumu au ya urefu mmoja kwa picha za ndege: Nakuru, Dunga na Kakamega

Mpenda Heroe, Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri wenu, hasa ninyi mnaopiga picha za ndege katika pande zetu hizi. Ninaishi Nakuru na ninajifunza kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Kamera yangu ni Canon 90D, na hadi sasa nimekuwa nikiitumia na lenzi ya milimita 55 hadi 250, ambayo haitoshi kabisa: furukombe akiwa amekaa juu ya mgunga uliokauka ndani ya maji, kwenye picha anabaki doa jeupe na jeusi lisilo na jicho.

Nimeweka akiba ya kununua lenzi moja tu ya mtumba, na nimebakiwa na mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Canon ya milimita 400, f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa zaidi), isiyo na zumu, yaani urefu wake haubadiliki. Ya pili ni Sigma ya milimita 150 hadi 600, f/5 hadi f/6.3, ile nyepesi iitwayo Contemporary. Nilizoonyeshwa zinakaribiana bei, kwa hiyo pesa haitaniamulia. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mpiga picha wa ndege aliye makini hutumia lenzi ya urefu mmoja kwa sababu ni kali zaidi na hupokea mwanga mwingi zaidi. Ningependa kujua kama hoja hiyo inasimama mahali ninapopigia mimi, yaani ndani ya gari katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, ndani ya mashua kule Dunga kando ya Ziwa Victoria, na baadaye katika msitu wa Kakamega.

Kambu wa Bondeni

Ndugu, umeuliza vizuri, kwa sababu umetaja mahali pamoja na lenzi. Nianze na hoja ya mwanga, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Ni kweli kwamba zipo lenzi za urefu mmoja zinazopokea mwanga mwingi sana, lakini hizo ni zile kubwa kama ya milimita 600 yenye f/4, ambayo uzito wake unazidi kilo 3 na bei yake ikiwa mpya inazidi dola 12,000. Kwa kiwango cha bei unachokizungumzia, sifa hiyo haipo. Tofauti ya f/5.6 na f/6.3 ni theluthi moja tu ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), sawa na kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, kutoka 1000 hadi 1250, na sijawahi kumwona mtu anayeweza kuitambua tofauti hiyo kwenye picha iliyokamilika.

Kwa ndege aliye mbali, hesabu hata hugeuka. Ukigawanya urefu wa lenzi kwa namba yake ya f unapata upana wa tundu linalopokea mwanga: 400 kwa 5.6 ni takriban milimita 71, na 600 kwa 6.3 ni takriban milimita 95. Sasa mchukue furukombe wako. Huwezi kushuka garini kumfuata, kwani katika hifadhi ile kushuka kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Ukimpiga kwa 400, kisha ukaikata picha mpaka alingane ukubwa na yule aliyepigwa kwa 600, unabakiwa na chini ya nusu ya pikseli ambazo ungekuwa nazo. Tena kwa kasi ileile ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga), mwanga wote wa ndege huyo uliofika kwenye sensa, yaani kipande cha kamera kinachonasa picha, utakuwa mdogo zaidi, na chembechembe zitajitokeza zaidi ijapokuwa ISO ilikuwa chini kidogo.

Jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010, yamefunika barabara za ufukoni na hata lango kuu la zamani, yakaiua migunga mingi ambayo sasa imesimama majini, mahali ambapo furukombe na minandi hupenda kutua. Heroe nao wamepungua sana, kwa sababu maji mengi yamezimua magadi na kupunguza vijimea vidogo wanavyokula, na wengi huhamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Kwa ufupi, ndege wengi wa kando ya ziwa wako mbali zaidi na gari, na gari haliwezi kuwakaribia.

Lakini zumu haikufai kwa umbali peke yake. Kwenye sensa ya 90D, lenzi ya milimita 400 inaona upana wa mita 2.2 hivi ukiwa mita 40 kutoka kwa ndege. Mwari mweupe akikunjua mabawa huweza kufika karibu mita 3. Akiruka kutoka majini mbele yako utapata kichwa na bawa moja, na ukiwa garini huna nafasi ya kurudi nyuma. Zumu ukiivuta hadi 150, unamchukua mzima pamoja na matone anayoyaacha juu ya maji. Mimi ningenunua zumu.

Mdiria wa Mafunjo, Kisumu

Namheshimu Kambu na hesabu zake ni sahihi, lakini naomba niitetee ile 400, kwa kuwa nimeitumia Dunga kwa miaka mingi na bado ninaitumia.

Kwanza, ukali. Lenzi ile ina vioo 7 tu ndani yake, vyote vimepangwa kwa ajili ya urefu mmoja, ilhali Sigma ina vioo 20 vinavyolazimika kufanya kazi nzuri kuanzia 150 hadi 600. Ndiyo maana 400 ni kali tayari katika f/5.6, nayo Sigma ikiwa kwenye 600 hulainika kidogo, ikakulazimu ufunge tundu hadi f/8 ili manyoya yajitenge vizuri. Ukifanya hivyo unapoteza theluthi mbili nyingine za stopu, na faida ya mwanga aliyoieleza Kambu inapungua sana.

Pili, uzito. Canon ina gramu 1,250, Sigma ina gramu 1,930. Ukiwa umekaa ndani ya gari na lenzi iko juu ya dirisha, tofauti hiyo si kitu. Ukiwa kwenye mashua huna pa kuegemeza; unaishika mkononi asubuhi nzima ukimfuata mdiria mweupe na mweusi anayesimama hewani juu ya maji, anatumbukia, anaibuka na kuondoka upande usioutarajia. Kwa ndege anayeruka, lenzi nyepesi inayopata fokasi haraka (yaani kumfanya ndege aonekane wazi) huleta picha ambazo lenzi ndefu huzikosa. Canon ile ina swichi inayozuia fokasi isitafute karibu zaidi ya mita 8.5, na swichi hiyo pekee imeniokolea picha nyingi za ndege wanaopita mbele ya mafunjo.

Kasoro yake kubwa naitaja bila kuficha: ni lenzi iliyotoka mwaka 1993 na haina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Kwa kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde hutauhitaji. Kwa ndege aliyetulia kivulini utaukosa sana.

Shorobo, Kakamega

Nashukuru Mdiria amelitaja hilo la mtikisiko, kwa sababu huku kwetu ndilo linaloamua kila kitu.

Dada au ndugu uliyeuliza, msitu wa Kakamega ni giza. Miti imefungana juu, na hata saa nne asubuhi njia za Isecheno hazina mwanga ambao mtu wa ziwani amezoea. Ukitaka kasi ya 1/640, ambayo ndiyo tungeipendekeza kwa mtu anayeshika milimita 400 mkononi kwenye sensa yako bila kitulizo, ISO itapanda hadi 6400 au zaidi, na 90D yenye megapikseli 32.5 kwenye sensa ndogo haipendezi katika kiwango hicho. Ukiwa na kitulizo unaweza kushuka hadi 1/200 au hata 1/125 kwa ndege aliyetulia, ukapiga picha kadhaa mfululizo, na mojawapo ikatoka safi. Shorobo mkubwa wa buluu husimama kwenye tawi na kula matunda kwa utulivu wa kutosha, hahitaji 1/2000. Anachohitaji ni mkono usiotikisika, na Sigma inakusaidia kwa hilo ilhali 400 haikusaidii.

Watu husema msitu unadai lenzi yenye tundu kubwa, na ni kweli, lakini lenzi hiyo haimo kati ya mbili ulizotaja. Kwa hizo mbili, msituni mimi ningechukua yenye kitulizo bila kusita. Umbali wa karibu kabisa wa fokasi nao unahesabika: Canon haishiki kitu kilicho chini ya mita 3.5, Sigma hushika kuanzia mita 2.8. Chozi akija kwenye maua ya uani utaiona tofauti hiyo.

Mpenda Heroe, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa moyo. Sikuwahi kuitazama lenzi kwa upana wa tundu lake, na hoja ya kitulizo msituni imenigusa zaidi, kwa kuwa wageni wengi huniuliza kuhusu Kakamega. Naelekea kwenye Sigma. Nina maswali mawili tu yaliyobaki: je, nikiitumia 400 na telekonvata ya 1.4 (kipande kinachowekwa kati ya lenzi na kamera ili kuurefusha urefu wake) nisingepata urefu uleule? Na nikienda kuikagua Sigma ya mtumba, niangalie nini?

Kambu wa Bondeni

Telekonvata ya 1.4 inakupa milimita 560, lakini inakula stopu nzima, hivyo unabaki na f/8, bado bila kitulizo, na kwenye kitazamio cha 90D nukta nyingi za fokasi huacha kufanya kazi. Kwa ndege aliyetulia juani inafaa. Kwa anayeruka, hapana.

Kuhusu ukaguzi, nenda na kamera yako na upige picha lenzi ikiwa kwenye 600, f/6.3, ukilenga kitu chenye maandishi madogo kilicho umbali wa mita 15 hivi, kisha urudie kwenye 400 na 150. Usipime kwa kitu kilicho mbali sana adhuhuri, kwani joto linalopanda kutoka ardhini hutikisa picha ya lenzi yoyote, na utailaumu Sigma bure. Ikiwa fokasi inaangukia mbele au nyuma kidogo ya ulipolenga, hilo linaweza kurekebishwa kwa kifaa cha USB cha kampuni hiyohiyo, kwa hiyo lisikufukuze. Lifanye sababu ya kuomba bei ipungue.

Mdiria wa Mafunjo, Kisumu

Niongeze la kuvu, kwa maana sisi wa kando ya Nyanza tunalijua. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi na utazame kutoka mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo, iache, hata kama bei ni nzuri. Vumbi dogo halina neno. Zungusha pete ya zumu taratibu kutoka 150 hadi 600 na usikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga, kwa kuwa pipa lake hutoka nje kila unapovuta na hapo ndipo vumbi la barabara za hifadhini huingilia. Ukishainunua, ihifadhi kwenye boksi la plastiki linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika, hasa ukitoka nayo Dunga au Kakamega msimu wa mvua, na usiifungie ndani ya mfuko wake ikiwa bado ina unyevu.

Kwa ndani ya gari, shona mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, ujaze maharagwe au mchele hadi robo tatu, uuweke juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu na uilaze lenzi juu yake. Mwombe dereva azime injini kabla hujapiga.