Katuni za mapenzi: ulilizwa na picha au na watu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Nimetoka kuirudia The Garden of Words, filamu ya katuni ya Mjapani Makoto Shinkai, ya mwaka 2013, dakika 46 tu. Kijana wa miaka 15 mwenye ndoto ya kushona viatu anakutana bustanini na mwanamke wa miaka 27, na miadi yao ni mvua ya asubuhi. Mvua ile, jamani! Tone linavyodunda kwenye maji, kijani cha majani kinavyoakisi mpaka mashavuni mwao. Mara ya kwanza nililia. Safari hii macho yalibaki makavu, nikajiuliza kumbe nilikuwa nawalilia wao au naililia mvua. Kile kilio chao cha ngazini kilinijia mapema mno, sijawajua vya kutosha. Lakini pale kijana anapompima mguu juu ya karatasi, bila neno la mapenzi, bado pumzi hunikatika. Leteni visa vyenu.

Mchangiaji wa 1
Mimi ni mchoraji. Mandhari hukaa tuli, kwa hiyo mtu anaweza kuipaka rangi taratibu mpaka iive. Mhusika anayetembea huchorwa upya hata mara 12 kwa sekunde moja, ndiyo maana uso wake hurahisishwa. Matokeo yake unapata anga la ajabu juu ya sura mbili ambazo umeshaziona kwingine.

Yalinikuta. Nilichora kisa cha wapenzi wanaoachana, kurasa 20, nusu ya muda wangu ikaishia kwenye mawingu. Rafiki yangu alisoma, akayasifu mawingu, kisha akauliza, "Huyu dada analia nini?" Niliumia sana. Nikaanza upya, safari hii nikitangulia na mikono yao.

Kilichonifundisha ni Only Yesterday ya Isao Takahata, ya 1991. Sauti za wahusika watu wazima zilirekodiwa kwanza, ndipo nyuso zikachorwa kuzifuata, hata misuli ya mashavu wakicheka. Na kumbukumbu za utotoni zimechorwa kingo zake zikififia kuwa weupe mtupu. Picha imepunguzwa, na mimi ndipo niliposhikwa.

Mchangiaji wa 2
Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Nilitazama 5 Centimeters per Second, filamu nyingine ya Shinkai, wakati mpenzi wangu anaishi mbali. Kijana yuko kwenye treni, theluji imezuia njia, saa zinakwenda, na barua aliyomwandikia msichana inapeperushwa na upepo. Theluji ile ni nzuri na ndiyo hiyo hiyo inayomchelewesha. Hapo uzuri na uchungu ni kitu kimoja, utautenganishaje? Nilizima, nikapiga simu usiku ule ule.

Mchangiaji wa 3
Dada yangu haoni. Huwa tunatazama pamoja, yeye anasikiliza, mimi namsimulia picha. Siku moja tuliweka filamu ya mapenzi inayosifiwa kwa rangi zake. Nikamweleza machweo, taa za mji, nyota. Dakika kumi hivi zikapita, akanigusa mkono: "Nyota nimezisikia. Wao wanafanya nini?" Nikatazama vizuri. Walikuwa wamesimama tu, muziki unapiga.

Filamu nyingine, ambayo wengi huiona ya kawaida kwa uchoraji, ilinitoa jasho. "Amefungua mlango, hakuingia. Ameshika kitasa. Sasa amekiachia." Dada akaacha kutafuna. Nilipokawia kidogo akanihimiza, "Ameingia?"

Mwanzisha mada
Mchangiaji wa 3, umenigusa. Nimeirudia ile sehemu ya kupima mguu nikiisimulia kwa sauti, peke yangu chumbani: penseli inazunguka kisigino, vidole vyake vimejikunja kidogo, kijana hainui macho. Mvua sikuitaja mpaka nilipomaliza. Hebu mwulize dada kama angependa tumwekee hiyo.