Kasoro ya hoja: chaguo tatu zote naona "kweli", ipi ndiyo jibu?

Msomaji_Chumbageni
Habari za jioni waungwana. Naomba msaada kwenye maswali ya LSAT (mtihani wa Kiingereza wa kuingia vyuo vya sheria Marekani) yanayouliza hoja ina kasoro gani. Ubovu wa hoja nauona upesi, ila nikifika kwenye zile chaguo tano navurugikiwa. Hili nimelitunga kwa mambo ya Tanga yetu, umbo lake ni la mtihani:

"Wakulima wa machungwa wa Muheza walioanza kutumia mbolea mpya walivuna zaidi msimu uliopita kuliko wenzao wasioitumia. Kwa hiyo ni mbolea hiyo iliyoongeza mavuno yao."

A. Inachukulia kwamba hakuna njia nyingine yoyote ya kuongeza mavuno.
B. Haizingatii kwamba huenda walioanza kutumia mbolea ndio wenye mashamba yaliyo karibu na maji.
C. Inatoa hitimisho juu ya wakulima wote kwa kutazama wachache.
D. Haizingatii kwamba huenda gharama ya mbolea inazidi faida ya mavuno.
E. Inatumia hitimisho lenyewe kuwa ushahidi.

C na E nimezifuta. A, B na D zimenigomea. Mnachujaje?

Bi_Raskazoni
Mwanangu, kabla ya kugusa chaguo, shika hitimisho neno kwa neno. Linasema mbolea *iliongeza* mavuno *yao*. Halikusema mbolea ina faida, wala halikusema ni njia pekee. Ushahidi nao umeleta nini? Kwamba mbolea na mavuno mengi vimeonekana kwa watu walewale. Kutoka "vimeonekana pamoja" mpaka "kimoja kimeleta kingine" pana shimo, na jibu sharti liguse shimo hilo. Ushahidi wenyewe usibishane nao. Ukiambiwa walivuna zaidi, walivuna zaidi.

Sasa tazama chaguo linavyoanza, maana mwanzo wake ndio unaokuambia kipimo.

Likianza na "haizingatii kwamba huenda", lichukue hilo jambo kuwa kweli tupu, kisha rudi kwenye hitimisho. Likitikisika, umepata. B ikiwa kweli, huenda ni maji yaliyoongeza machungwa, na hitimisho linayumba. D ikiwa kweli, mkulima amepata hasara, lakini mbolea bado inaweza kuwa ndiyo iliyoongeza mavuno. Hitimisho halijaguswa, basi futa D.

Likianza na "inachukulia kwamba", kipimo kinageuka: likanushe. Hoja ikianguka, kweli ilikuwa imelitegemea. Kanusha A: zipo njia nyingine za kuongeza mavuno. Sawa, zipo, na bado inawezekana kwa wakulima hawa ilikuwa mbolea. Hoja imesimama, futa A. Neno lililoiharibu ni "yoyote". Lingeandikwa "inachukulia kwamba hapakuwa na tofauti nyingine kati ya makundi hayo mawili iliyoathiri mavuno", lingekuwa jibu sahihi kabisa.

Likieleza tu hoja ilichofanya, kama C na E, weka kidole kwenye sentensi iliyofanya hivyo. Kidole kikikosa pa kutua, futa.

Kinachowaponza wengi ni kuuliza "je, hili ni kweli?" D huenda ni kweli msimu baada ya msimu. Swali ni kama inaharibu hitimisho *hili*.

Ngamiani21
Mimi nashauri akariri majina ya kasoro: sababu na matokeo, sampuli mbovu, kumshambulia msemaji, neno moja kubeba maana mbili, sehemu dhidi ya kitu kizima, njia mbili tu. Ukiliona jina, jibu linajileta.

Bi_Raskazoni
Majina yanasaidia kutabiri jibu kabla ya kusoma chaguo, hapo nakubali. Ila watunzi wa mtihani hawaandiki jina. Wataandika "inachanganya jambo lililo la lazima ili matokeo fulani yatokee na jambo linalotosha kuyaleta". Kila neno la jumla lipe kitu chake kutoka kwenye hoja: "matokeo fulani" ni nini hapa? "Jambo la lazima" ni lipi? Neno moja likikosa mwenyewe, chaguo limekufa, hata kama nusu ya kwanza ilikuwa tamu.

Njia_ya_Pangani
Kwenye sababu na matokeo, weka akilini kwamba jibu lina njia kadhaa za kuja. Kitu cha tatu kimeleta vyote viwili. Au mshale umegeuka: waliokuwa wakivuna vizuri tangu zamani ndio wenye fedha za kununua mbolea. Au ni sadfa tu. Swali lako wangeweza kuiondoa B na kuweka ule mshale uliogeuka, na jibu lingebaki sahihi vilevile.

Hiyo kasoro ya lazima na kutosha aliyoigusa Bi ndiyo inayotesa sana, na lugha inachangia. "Chombo kitaruhusiwa kutoka bandarini ikiwa tu kimekaguliwa." Jahazi hili limekaguliwa, basi litaruhusiwa? Hapana. Ukaguzi ni sharti la lazima. Huenda bado kuna ushuru au hali ya hewa. Ukiondoa hilo "tu", maana inapinduka: "kitaruhusiwa ikiwa kimekaguliwa" inafanya ukaguzi utoshe. Kwa Kiingereza neno hilo dogo ("only") linapita haraka, kwa hiyo ukilikuta, andika mshale pembeni: kuruhusiwa → kukaguliwa. Mshale unasomwa upande mmoja tu. Kinachoruhusiwa kuugeuza ni ukanushaji: hakijakaguliwa → hakitaruhusiwa.

Angalia pia "wote". Sisi tukisema "wavuvi wote hawakwenda baharini", tunaelewa hakuna aliyekwenda. Mtihani ukisema "si wote waliokwenda", ushahidi ni kwamba angalau mmoja alibaki, basi. Hujui kuhusu wengine.

Msomaji_Chumbageni
Shukrani sana, A na D zimekwisha. Na zile za asilimia? Mfano: "Sehemu ya ajali zinazohusu bodaboda imeshuka kutoka asilimia 60 hadi 50, hivyo ajali za bodaboda zimepungua."

Njia_ya_Pangani
Weka namba zako mwenyewe. Mwaka wa kwanza ajali zote 100, za bodaboda 60. Mwaka wa pili ajali zote 150, za bodaboda 75. Asilimia imeshuka, idadi imepanda. Jibu litakuwa la "haizingatii kwamba huenda jumla ya ajali iliongezeka". Hoja ikitoka kwenye asilimia kwenda kwenye idadi, au kinyume chake, uliza jumla iko wapi.

Bi_Raskazoni
Na muda: kila sehemu ni dakika 35 kwa maswali kama 25, yaani sekunde 84 kila swali. Tangu Agosti 2024 mafumbo ya kupanga yameondolewa na sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili, kwa hiyo kasoro zina uzito kuliko zamani. Jibu lisilo sahihi halikati alama, usiache tupu. Kwenye mazoezi lakini usikimbizane na saa mwanzoni. Kwa kila chaguo ulilofuta andika neno moja lililoliua, kama "yoyote" kwenye A. Ukishindwa kulitaja neno hilo, hujalifuta bado.