Kiwanda cha alizeti kijijini: nianze na umeme au maji?

Wakuu habari, tuna eneo kijijini huku Singida tunataka kuweka kiwanda cha kukamua alizeti, nguzo zimepita jirani ila naambiwa ni fezi moja tu (umeme wa kawaida wa majumbani). Nianze na nini?

> Umeme kwanza mkuu. Mota kubwa zinataka fezi tatu, volti 400, jumlisha kilowati za mashine zote ndo upeleke maombi TANESCO. Mi nilijenga banda kwanza, nikakaa miezi nane nasubiri laini huku nachoma dizeli, iliniuma sana.

> Maji je? Kisima kinataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na mpime floraidi (madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi), huko iko juu sehemu nyingi.

> Na barabara, masika lori linapita?

Kuna korongo moja, halina kalvati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara).