MJADALA: Ngano ya dunia inahamahama, sisi wa Dodoma tushike lipi?

Mzee wa Kijiwe, Majengo

Wadau, salaam. Jana jioni kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona niulete ubishi huku. Jamaa alikuwa na jedwali kwenye simu: Australia msimu wa 2019/20 iliuza nje ngano takriban tani milioni 10, na msimu wa 2022/23 zaidi ya milioni 30. Akasema Australia ndiyo inakuja, tujifunge nao. Nikamwambia, ndugu yangu, mwaka wako wa kwanza ni wa ukame mkali kule. Ni kama kupima mavuno ya Bahi kuanzia mwaka wa njaa, halafu utangaze tumetajirika.

Anayetaka kuona mabadiliko ya kweli avute miaka mirefu. Msimu wa 1981/82 Marekani iliuza nje karibu tani milioni 48. Msimu wa 2023/24 imeuza kama milioni 19, maana wakulima wake wengi walihamia mahindi na soya. Wasovieti ndio waliokuwa wanunuzi: mwaka 1972 walizoa nafaka za Marekani mpaka bei ikaruka dunia nzima. Leo Urusi ndiyo muuzaji namba moja, tani zaidi ya milioni 50 msimu huo huo wa 2023/24, wakati mwaka 2000 haikufikisha hata milioni moja.

Sasa swali. Ngano tunayolima nchini ni kidogo sana kulinganisha na tunayokula, nyingi inashuka bandarini Dar. Serikali imwage fedha kwenye ngano ya ndani, au tuchanganye mtama wetu kwenye unga? Mimi nasema mtama. Ngano tulishaijaribu kule Basotu, Hanang, kwa fedha za Canada.

Mama Chapati, Sabasaba

Shikamoo mzee. Mtama nakula, nimelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda. Ila umewahi kusukuma chapati ya mtama? Unga hauvutiki, unakatikia mkononi. Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi hataki kusikia habari za Urusi, anataka chapati laini. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, mfuko wa unga ulipanda, na mimi bei sikupandisha, nilipunguza donge. Walioona waliona.

Mtu wa Hanang

Mzee, Basotu usiitaje kwa mstari mmoja. Kuanzia miaka ya 1970 yalilimwa mashamba makubwa ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, matrekta yakitoka Canada, na ardhi ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig. Waliondolewa, wakaenda mahakamani. Kosa lilikuwa hapo, na kwenye mitambo ambayo ufadhili ulipokwisha hakuna aliyeweza kuihudumia. Ngano yenyewe iliota vizuri tu, udongo ule unaipenda.

Halafu hilo jedwali lako la miaka mirefu linanisaidia mimi kuliko wewe. Umeiruka Ulaya Magharibi. Miaka ya 1960 walikuwa wananunua ngano nje. Wakaweka sera ya pamoja ya kilimo mwaka 1962, mkulima akahakikishiwa bei, na kufikia miaka ya 1980 ngano imewazidi, wanatafuta wa kumuuzia. Muuzaji hazaliwi muuzaji, mzee.

Mkulima wa Kongwa

Mnaongea mtama kama vile unaota sokoni. Njooni mwezi wa tano muwafukuze ndege kweleakwelea toka alfajiri, ndipo muupangie sera. Nami nalima mahindi kwa sababu sokoni Kibaigwa wananunua mahindi. Mwenye soko la mtama aniambie bei kwanza.

Mzee wa Kijiwe, Majengo

Marahaba mama. Mtu wa Hanang, hapo kwa Ulaya umenibana, nakubali. Ila ile bei ya uhakika ililipwa na hazina nene, mwaka hadi mwaka. Yetu itaihimili? Hilo hujanijibu.

Na hofu yangu haijaondoka. Tarehe 13 Mei 2022 India ilifunga kuuza ngano nje, joto lilikuwa limeunguza mashamba yao. Urusi ilifunga mwaka 2010 kwa ukame. Anayeongoza jedwali leo kesho anaweza kufunga mlango, nawe umeshika foleni na mfuko mtupu.

Mama, sijasema mtama mtupu. Sehemu moja ya mtama kwa nne za ngano, mtama mweupe kama Macia, usiwe mwekundu wenye uchungu, na usagwe laini kabisa. Mkate unaumuka.

Mama Chapati, Sabasaba

Mkate sawa. Mimi nauza chapati. Lete kilo tano Jumamosi, nitakanda mbele yako. Na mafuta ya kukaangia ni yako.