Dinari ya Fatimi inaenda bei gani siku hizi?

Msafiri_LDN: Wakuu salaam. Nina dinari ya dhahabu ya Khalifa al-Amir wa Misri, wa ukoo wa Fatimi, maandishi ya Kiarabu kwa miduara pande zote mbili. Nipo London. Naulizia bei tu, usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

MzeeWaMizani: Uzito? Herufi zinasomeka?

Msafiri_LDN: Gramu 3.4. Herufi nyingine zimepindapinda, nadhani uchakavu.

MzeeWaMizani: Uchakavu hufuta herufi, hauzipindi. Dinari ya al-Amir hukaribia gramu 4.2, dhahabu karibu tupu. Hiyo nahisi imetoka Akka, bandari ya Palestina. Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya walioishika, waliiga dinari zake hata baada ya mwenyewe kuuawa 1130, dhahabu wakaishusha hadi asilimia 80 hivi, baadaye chini zaidi. Wachonga mihuri walinakili tu wasichokisoma.

MtuWaPemba: Kwetu Mtambwe Mkuu mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za Fatimi. Babu kalima jirani miaka yote, kaambulia mihogo.

BiMkubwa: Mwanangu, bei ndiyo ikunyime usingizi? Sema kilichopo.

Msafiri_LDN: Haya. Ni ya mahari. Wazee wa binti huko Unguja nimeshawaambia ni dinari ya Kiislamu ya miaka 900. Ndoa mwezi ujao. Lakini dhahabu si dhahabu? Na shahada imeandikwa!

Ustadh_Mdogo: Mahari ni maridhiano, akhi. Mwambie binti ilivyo, akiridhia yameisha. Kumficha ndiyo dhambi.

Kijiwe: 😂 Shahada iliyogongwa na Wakristo!

MzeeWaMizani: Usicheke, hata Papa Innocent IV ilimkera. Mjumbe wake akapiga marufuku jina la Mtume kwenye sarafu zao. 1251 Akka wakatoa mpya zenye msalaba na maneno ya Kikristo, ila kwa Kiarabu kilekile, maana soko lilishazoea.

Msafiri_LDN: Kwa hiyo ni adimu, si feki. Naenda nayo hivyohivyo.

Kijiwe: Wakuu, hii chai. Juzi huyuhuyu alifungua uzi wa mkewe wa Tanga.

Msafiri_LDN: Ule nilimwandikia rafiki.

MtuWaPemba: Rafiki naye anaishi London?

MzeeWaMizani: Weka picha, pande zote mbili.

BiMkubwa: Picha baadaye. Wa Tanga ulimtolea nini?